Safu ya Mwisho

Stockholm, tarehe 3 Februari 1787

Ndugu yangu Nathanael,

Habari zimenifikia kwamba umepata usharika. Zimenifikia pia kwamba umepata mjane wa mchungaji aliyekutangulia, ng'ombe wake saba na magodoro yake ya manyoya, vyote kwa mpigo mmoja, kama ilivyo desturi ya huko kwenu kaskazini. Hongera. Tulipokuwa tunalala chumba kimoja Uppsala na kugawana mkate mmoja siku mbili, uliapa hutaoa mpaka umpate mwanamke anayejua Kigiriki. Bibi Beata ana miaka minane kukuzidi, kwa hiyo huenda amekwisha kujifunza.

Mimi bado nakula vumbi hapa Tume ya Majedwali. Yale majedwali mnayotuletea ninyi wachungaji kila mwaka, waliozaliwa, waliokufa na kilichowaua, sisi ndio tunaoyajumlisha. Kila karani ana safu yake. Mmoja ana ndui, mmoja ana waliozama, na mzee Ekstam, ambaye hasikii tena vizuri, ana watoto wachanga waliolaliwa na mama zao usingizini wakakosa pumzi. Mimi nilifika mwisho, nikatupiwa safu ambayo hakuna aliyeitaka. Inaitwa Ugonjwa Usiojulikana.

Nilidhani nimeonewa. Sasa nadhani nimeokota dhahabu, na dhahabu yenyewe iko kwako. Nimezipanga hesabu za usharika wako wa Tallsjö mwaka kwa mwaka tangu hesabu zilipoanza 1749. Miaka ishirini na mitatu ya kwanza, safu yangu ni tupu, labda mara moja moja mzururaji aliyeokotwa njiani. Kisha unafika mwaka 1772, wanaandikwa wanne. Mwaka unaofuata watano. Halafu watatu, halafu wanne, na hivyo hivyo hadi mwaka jana. Wote ni watoto wachanga, hakuna aliyefikisha miezi sita. Sharika zinazokuzunguka hazina kitu kama hicho. Kuna jambo liliingia Tallsjö mwaka ule na halijatoka.

Nataka uniulizie, Nathanael. Waulize akina mama. Kulikuwa na homa? Vipele? Kuhara? Maji mnayokunywa yanatoka wapi? Ukinipa dalili, nitaandika waraka, na mwenyekiti wa Tume ataanza kunijua kwa jina badala ya kuniita yule kijana wa dirishani. Ugonjwa mpya haugunduliwi kila siku.

Msalimie Mama Mchungaji kwa Kigiriki.

Rafiki yako wa siku zote,
Zakarias Hellbom

*

Tallsjö, tarehe 9 Machi 1787

Zakarias mpendwa,

Barua yako ilifika na sleji ya chumvi, ile inayoburutwa na farasi juu ya theluji, nikaisoma mara mbili, mara ya pili bila kucheka. Beata hajui Kigiriki. Anajua kusoma na kuandika kuliko mtu yeyote hapa, na ndiye aliyekuwa anamnakilia marehemu Mchungaji Sundius vitabu vyake macho yake yalipoanza kufifia. Ni mwanamke mwema. Mwezi wa tisa, Mungu akipenda, atajifungua.

Nimefanya ulichoniomba. Nimezifikia nyumba tisa zilizopoteza watoto wachanga katika miaka ya karibuni. Nilichukua karatasi ya kuandika dalili, nikarudi nayo nyeupe. Hakuna homa. Hakuna vipele. Kila mama ananiambia neno lile lile, kana kwamba wamekubaliana: jioni alikuwa mzima, alinyonya, asubuhi nikamkuta. Ukiuliza ulimkuta vipi, anaangalia chini. Mmoja alinifungulia mlango, aliposikia nimekuja kuuliza nini, akaufunga.

Nilimuuliza mtunza kanisa, mzee Halvar, ambaye amezika kila mtu hapa kwa miaka arobaini. Kwa kawaida ukimpa nafasi humnyamazishi. Safari hii alianza kuchonga ubao wake, akasema yeye huchimba tu, haulizi.

Mwisho nikamuuliza Beata mezani. Aliweka kijiko chini. Alisema, "Sundius aliandika alichokijua." Nikamwambia kwamba alichoandika ni kwamba hajui. Akasema, basi alijua kwamba hajui, na akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwaangalia.

Sipendi nyumba hii tangu nilipoanza kuuliza. Siyo kwamba naona kitu. Ni kwamba kila mtu anaonekana kukiona kasoro mimi.

Wako,
Nathanael Törnvall

*

Stockholm, tarehe 2 Aprili 1787

Nathanael,

Acha kuuliza. Nimepata jibu, na halikuwa Tallsjö, lilikuwa meza ya tatu kutoka kwangu.

Juzi mzee Ekstam alikuwa anakula chakula chake cha mchana, nikaenda kusimama nyuma yake na kuangalia safu yake, ile ya Waliolaliwa na Mama au Yaya. Nikatafuta Tallsjö. Mwaka 1749, watoto wanne. Mwaka 1750, watano. Wanne, watatu, watano, wanne, mpaka 1771. Mwaka 1772 hakuna hata mmoja. Na tangu hapo hakuna tena. Ekstam aliwahi kuliona hilo. Alidhani akina mama wa Tallsjö wameongoka.

Hawakuongoka. Hakuna ugonjwa wowote. Kuna mchungaji aliyeamua siku moja kudanganya. Watoto wako pale pale, wanakufa vile vile chini ya miili ya mama zao, ila Sundius wako aliwahamisha kutoka safu ya Ekstam akawaleta kwangu, ili asiwaone wanawake wa usharika wake wakiketishwa kwenye kigoda cha toba mbele ya kanisa zima. Huruma ya bei rahisi. Nimepoteza majira mazima ya baridi nikikimbiza ugonjwa ambao ni wino tu.

Utasema nimekasirika kwa sababu ya waraka wangu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kuna kitu kingine, na nitakisema kwa nguvu: mtoto akilaliwa, aandikwe amelaliwa. Aliyefanya ajulikane, achukue adhabu yake, amalize. Akifichiwa, hatia haiishi. Anabaki nayo, na wengine wanabaki nayo kwa niaba yake.

Ningepaswa kumpelekea mwenyekiti jambo hili, naye angemwandikia askofu wako. Sitafanya hivyo, kwa ajili yako na kwa ajili ya mkeo katika hali aliyo nayo. Badala yake niahidi kitu kimoja. Kuanzia sasa, katika kitabu chako, utaandika ukweli.

Zakarias

*

Tallsjö, tarehe 30 Mei 1787

Zakarias,

Nilikuahidi, na ahadi haikungoja hata barafu iyeyuke ziwani.

Märit wa Nordby, mke wa Erik, ana miaka ishirini na mitatu. Binti yake Sigrid alikuwa na wiki kumi. Erik alinijia Jumatatu ya tarehe 23 Aprili kabla ya saa mbili asubuhi, kofia mkononi, akaniambia mtoto amekufa na kwamba ni ugonjwa usiojulikana. Alilitamka hilo neno la kitabuni kama lilivyo, Zakarias, mkulima ambaye hajui kusoma. Wanalijua wote. Wamelitumia miaka kumi na mitano.

Nilikwenda naye. Nilimuuliza Märit mtoto alilala wapi. Akasema kitandani, kati yake na ukuta, ambako hulala watoto wote wa nchi hii wakati wa baridi. Nikamuuliza kama alipoamka alikuwa amemgeukia. Akasema alikuwa amemgeukia, kwa sababu alikuwa anamnyonyesha. Nikaandika. Aliona naandika, akaniambia polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Baba Mchungaji, sikumlalia. Ningejua. Mimi nikilaliwa na paka miguuni naamka."

Nilimwambia kwamba aliyelala hawezi kushuhudia alichofanya usingizini. Lilikuwa jibu zuri. Nililifurahia mpaka nilipofika nyumbani.

Ameketi kwenye kigoda Jumapili tatu, mbele ya watu wote, shali nyeusi kichwani. Kigoda chenyewe kilikuwa ghalani chini ya magunia, ilibidi Halvar akitafute, na mguu mmoja ulikuwa umeliwa na wadudu, kwa hiyo kilikuwa kinayumba kila alipovuta pumzi. Ibada nzima tulikisikia kinagonga sakafu. Jumapili ya tatu Beata alisimama katikati ya mahubiri yangu na kutoka nje. Alisema baadaye ni tumbo.

Tangu hapo Märit haji kanisani. Erik anasema anafanya kazi zote lakini hasemi, na kwamba halali tena kitandani, analala ameketi dirishani. Majirani waliokuwa wanamletea uji wa mzazi wameacha. Mama yake Erik ameomba asiwanyweshe hata ndama. Namhofia. Ziwa liko hatua mia moja kutoka mlango wao, na barafu sasa imekwisha.

Nimefanya lililo sahihi? Nakuuliza wewe kwa sababu hapa hakuna wa kumuuliza.

Nathanael

*

Stockholm, tarehe 20 Juni 1787

Nathanael,

Umefanya vyema. Ni uchungu, lakini utapita, na ukishapita atakuwa huru. Mwambie Erik amwangalie. Watu humaliza toba wakaishi, nimewaona.

Kwa ajili ya hesabu tu, ningependa kujua mambo machache. Je, kulikuwa na mtoto mwingine kitandani humo? Kama alikuwepo, ana umri gani? Alikuwa upande gani wa mtoto? Alipoamka, mkono wake ulikuwa wapi? Jambo hili haliulizwi kwenye majedwali, na nadhani lingepaswa kuulizwa.

Usiache kunijibu.

Z. H.

*

Tallsjö, tarehe 25 Julai 1787

Bwana Hellbom,

Hatujaonana. Mimi ni yule mjane aliyekuja pamoja na ng'ombe.

Nathanael hajui kwamba nakuandikia. Ameisoma barua yako ya mwisho kwa sauti, na alishangazwa na maswali yako kuhusu mtoto mwingine kitandani. Mimi sikushangaa. Lakini lililo lako ni lako, nami sitaligusa. Nimekuja kukuambia lililo langu.

Unamwita Sundius mwongo. Nitakueleza uongo wake ulianzaje. Niliolewa naye nikiwa na miaka ishirini. Alikuwa mtu mgumu, na alikuwa anawaweka wanawake kwenye kigoda kila mwaka bila kupepesa jicho, kwa sababu ndivyo kanuni ilivyosema. Mwezi Januari mwaka 1772 mwanangu Daniel alikuwa na miezi mitatu. Alilala kwenye mkono wangu. Asubuhi mkono wangu ulikuwa na joto na yeye alikuwa baridi. Sundius alikuwa upande wangu wa pili. Aliamka kwa sauti yangu.

Siku hiyo alikaa mbele ya kitabu tangu asubuhi mpaka tulipowasha mishumaa. Kalamu ilikauka, akaichovya, ikakauka. Alijua safu ipasayo. Mwisho akaandika kwamba haijulikani, na akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Njoo uangalie, kitabu bado kiko hapa.

Mwezi uliofuata akaja mama mwingine na mtoto mwingine. Sundius aliniangalia. Hakuwa mtu wa haki nusu nusu, Bwana Hellbom. Kama hakuweza kumwandika mkewe, hakuweza kumwandika mke wa mtu mwingine. Hivyo ndivyo safu yako ilivyojaa. Mimi ndiye ugonjwa wako mpya.

Sikupata mtoto mwingine kwake. Na sikuwahi kujua kama nilimlalia Daniel au sikumlalia. Miaka kumi na mitano kila nikigeuka kitandani nahisi kuna kitu chini yangu. Kwa hiyo siji kwako nikidai kwamba hatuna hatia. Nakuja kukuomba uache. Märit alikuwa msichana aliyekuwa anaimba akipita na maziwa hapa nje. Sasa namwona tu anapita.

Huyu nitakayemzaa hatalala nami. Nimeagiza kitanda chake cha mbao, chenye kingo, kitakachokaa ukuta wa mbali. Sitamgusa isipokuwa nikiwa nimeketi na macho yangu yako wazi. Asubuhi atakuwa hai, na angalau nitajua.

Beata, mke wa Törnvall

*

Tallsjö, tarehe 14 Novemba 1787

Zakarias,

Nitaandika mara moja na kwa ufupi, la sivyo sitaandika.

Binti yetu Ulrika alizaliwa tarehe 20 Septemba. Alikuwa na nywele nyingi nyeusi na sauti kubwa. Tarehe 6 Novemba alikufa. Wiki saba pungufu siku mbili.

Hakulala na mama yake hata mara moja. Beata alikuwa anamnyonyesha akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, ili asisinzie, kisha anamrudisha kwenye kitanda chake ukutani. Nilidhani ni ukali uliopitiliza, na mara moja nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Wewe andika vitabu vyako."

Asubuhi ile Beata ndiye aliyeamka kwanza. Sikusikia kilio. Nilimwona amesimama juu ya kitanda kidogo, mikono yake nyuma, ameikamata mwenyewe kwa nguvu. Akaniambia nije mimi nimshike. Yeye hakutaka kumgusa kabla sijaona. Blanketi lilikuwa kifuani, limetulia kama nilivyolikunja mimi. Uso haukuwa na alama. Hakukuwa na mto, hakukuwa na paka, hakukuwa na mtu. Nimepima kwa hatua zangu: kutoka kitanda chetu mpaka chake ni hatua tano.

Tangu hapo Beata amenieleza yote, na juu ya Daniel, na kwamba alikuandikia. Sikukasirika. Sina nafasi ya hasira. Amelia siku tatu, na siku ya nne nilimkuta anasema peke yake jikoni, tena na tena, hatua tano, hatua tano. Sijui kama ilikuwa huzuni au nafuu, na sidhani yeye anajua.

Jana nilikifungua kitabu. Nimeandika: Ulrika, binti wa mchungaji, wiki sita na siku tano, haijulikani. Niliandika kwa haraka, kwa sababu ni kweli. Kisha jicho langu likapanda mistari michache juu, likamkuta Sigrid wa Nordby, kwa mwandiko wangu mwenyewe, amelaliwa na mama.

Nilimwambia aliyelala hawezi kushuhudia. Mimi nilikuwa nani, ambaye hata sikuwamo chumbani?

Nathanael

*

Stockholm, tarehe 10 Desemba 1787

Ndugu yangu,

Nimelia kwa ajili ya Ulrika. Nimelia ofisini, na mzee Ekstam aliniuliza kama nimepata mafua. Nikamwambia ndiyo.

Sasa ni zamu yangu. Nina miaka ishirini na minane, na hili sijamwambia mtu.

Nyumbani kwetu Hälsingland kitanda kilikuwa kimoja. Mama alilala ukutani, mdogo wangu Johannes katikati, mimi pembeni. Nilikuwa na miaka sita, mzito kwa umri wangu. Asubuhi moja nilipoamka mkono wangu ulikuwa juu ya kifua chake, na kifua kilikuwa hakisogei. Mama aliamka, akaona, akauondoa mkono wangu taratibu akauweka chini ya blanketi. Mchungaji alipokuja kuuliza, Mama akasema ni yeye. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliwasikia, nikanyamaza. Aliketi kwenye kigoda, nami nikiwa benchi ya mbele. Alikufa nikiwa Uppsala, wewe ndiye uliyenikopesha koti jeusi, na mpaka mwisho hatukulizungumza.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini niliutaka sana ule ugonjwa, na kwa nini nilighadhabika ulipopotea. Na unajua kwa nini nilitaka Märit aandikwe. Nilitaka angalau mara moja aliyefanya awe ndiye aliyeketi. Nimemtumia mwanamke nisiyemjua kulipia cha kwangu. Sina neno la kuomba radhi linalotosha.

Ulipoandika hatua tano, nilizichukua safu zote mbili, yangu na ya Ekstam, nikafanya kitu ambacho hakuna mtu katika Tume hii amewahi kukifanya kwa Tallsjö. Nilizijumlisha. Tangu 1749 hadi 1771, waliolaliwa ni tisini na saba. Tangu 1772 hadi 1786, wasiojulikana ni sitini na watatu. Nikagawanya kwa miaka: wanne na kidogo kila mwaka zamani, wanne na kidogo kila mwaka sasa. Nikagawanya kwa waliozaliwa: watatu katika kila mia, na watatu katika kila mia. Vitisho havikupunguza. Huruma haikuongeza. Mama walioogopa kigoda na mama wasiokiogopa walizika idadi ile ile.

Mwezi wa nne niliziangalia namba hizi hizi nikasema zinathibitisha kwamba Sundius alidanganya. Namba hazijabadilika hata moja. Nadhani sasa zinasema kwamba waliodanganya ni wale waliotangulia, kwa miaka ishirini na mitatu, bila kujua, wakiwa na uhakika kabisa. Kuna kitu kinawachukua watoto hawa wakiwa wamelala. Hatukijui. Hatukupenda kutokijua, tukakipa jina la mama.

Huenda wengine walilaliwa kweli. Sitaweza kuwatofautisha, wala wewe hutaweza. Sitajua kamwe kuhusu Johannes. Nimeuangalia mkono wangu kwa miaka ishirini na miwili, na sasa sijui niuangalie vipi.

Nimempelekea mwenyekiti karatasi yangu. Ameirudisha na maneno kwamba safu ya Usiojulikana inaonyesha uzembe wa wachungaji, na inapaswa kupunguzwa. Anataka safu hiyo iwe tupu ifikapo mwaka 1790. Atawaandikia maaskofu wote. Kwa hiyo fanya haraka lile unalotaka kufanya, kabla barua hiyo haijakufikia.

Nenda Nordby. Mwambie.

Zakarias wako

*

Tallsjö, tarehe 1 Machi 1788

Zakarias, ndugu yangu,

Barua ya askofu ilifika wiki iliyopita. Imechelewa.

Jumapili ya kwanza ya Februari nilipanda na kitabu cha vifo mimbarini, jambo ambalo halifanywi. Niliusoma mstari wa Sigrid wa Nordby, nikasema niliuandika mimi, kwamba sikuwa na ujuzi wa kuuandika, na kwamba nimeukata. Niliwaambia juu ya hatua tano. Niliwaambia juu ya jumla yako, miaka ile na miaka hii. Sidhani waliifuata hesabu yote. Lakini nilipofika kwenye neno kwamba hatujui, mwanamke mmoja upande wa kushoto akasimama. Ni bibi kizee kutoka ng'ambo ya ziwa, zaidi ya miaka sabini. Kisha akasimama mwingine nyuma yake. Walisimama tu na mikono yao mbele. Wakawa watano, wakawa kumi na wawili, na Halvar akawa anawatazama mmoja mmoja kama mtu anayehesabu makaburi yake. Beata alikuwa wa mwisho. Wote wale walikuwa wanakuja kila Jumapili, na mimi nilikuwa nawahubiria juu ya msamaha.

Märit hakuwepo. Siku ya Jumatatu nilichukua sleji nikaenda Nordby.

Nilimkuta zizini anakamua. Ni mzima, nakuambia kwanza hilo, maana najua ndilo ulilokuwa unaliogopa kama mimi. Amekonda usoni, lakini anasema tena, kidogo. Na ni mjamzito, miezi saba kwa mwonekano wake. Nilivua kofia. Nilimwambia kwamba mstari wake nimeukata, kwamba nilikosea, kwamba ninamwomba anisamehe, na kwamba watu wameambiwa. Alisikiliza bila kuacha kukamua. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka.

Alipomaliza aliinuka akaweka ndoo pembeni, akajifuta mikono, akaiweka yote miwili tumboni. Akaniuliza:

"Sigrid alilala kwangu akafa. Wa kwako alilala peke yake akafa. Huyu nimlaze wapi?"

Nilisimama pale, Zakarias. Nina miaka sita ya chuo kikuu, nina kitabu cha vifo cha miaka arobaini, nina safu zako zote mbili. Nikamwambia sijui.

Alingoja kidogo, kama vile nilikuwa na la kuongeza. Kisha akachukua ndoo yake akaingia ndani.

Nathanael